Mbariki, Ugimbi na Njahi: Mhadhara juu ya Mizani ya Mwili

Mhadhara uliotolewa Ruring'u, Nyeri, wakati wa gathano, majira ya baridi

Mlima Kenya hatujauona tangu Jumapili, na mtu wa Nyeri asipouona mlima hujihisi kama amefungiwa chumbani. Nazungumza Kiswahili kwa sababu naona wageni kutoka Meru na Nanyuki, na yule kijana wa Mombasa pale nyuma aliyejifunika blanketi kama mgonjwa. Karibu, mwanangu. Sogea karibu na jiko.

Nimeombwa nizungumzie kurudi kwenye Ayurveda, tiba ya Kihindi, kwa ajili ya afya ya kila siku. Nilipopewa mada hiyo nililishangaa neno moja tu, kurudi. Mama wa Kerala akirudi kwenye Ayurveda, anarudi kwa nyanya yake. Mimi mzaliwa wa Nyeri nikienda huko sirudi, nasafiri. Kwa hiyo naomba niwasimulie hiyo safari, kwa sababu nilipofika huko nilikuta vitu vya nyanya yangu vimewekwa vizuri kabatini mwa watu wengine.

Kwanza, kwa nini watu wanaliuliza jambo hili sasa. Tarehe 15 Oktoba 2025 tulipata habari kwamba Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu, amefariki Koothattukulam, mji mdogo wa jimbo la Kerala, alikokuwa amekwenda kwa matibabu. Alianguka akiwa kwenye matembezi ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka 80. Wengi wetu ndipo tulipolisikia neno Ayurveda redioni kwa mara ya kwanza. Wenye masikio mapana walikwisha kulisikia Februari 2022, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliposimulia katika kipindi chake cha redio jinsi Rosemary, binti yake Raila, alivyopoteza uwezo wa kuona baada ya uvimbe wa ubongo, na jinsi alivyopata nafuu katika hospitali ya macho ya Ayurveda huko huko Kerala.

Tangu kifo cha Raila nimesikia makundi mawili yakigombana kwenye matatu. Moja linasema hiyo ndiyo dawa ya Mungu, hospitali ni biashara tu. Jingine linasema huo ni uganga uliovaa koti jeupe. Mimi nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini na nawaambia yote mawili yanakosea kwa namna moja: yanahesabu mtu mmoja mmoja. Kifo cha mzee wa miaka 80 si hoja, wala kupona kwa mgonjwa mmoja si ushahidi.

Sasa tuingie ndani. Ayurveda ni nini? Vitabu vyake vikubwa, cha Charaka na cha Sushruta, vina umri wa takribani miaka 2,000. Vinasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Vata ni upepo: mwendo, pumzi, mishipa, na mtu ikimzidi hukauka, hupasuka ngozi, hukosa usingizi, viungo hulia. Pitta ni moto na nyongo: huyeyusha chakula, na ikizidi mtu huwaka tumbo na hasira. Kapha ni uzito na utelezi: hushikanisha mwili, na ikizidi mtu hunenepa, hulala mchana, kifua hujaa. Afya ni tatu hizi kukaa katika mizani yake mtu mwenyewe. Haziwi sawa kwa watu wote, na ndiyo maana chakula kinachomfaa jirani yako kinaweza kukuumiza wewe.

Nyinyi watu wa bara mnaona hayo ni mageni. Kijana wa Mombasa anatabasamu, anajua. Pwani, bibi akikukatalia chakula wakati una kikohozi hukwambia hiki ni baridi, au kile ni moto, naye hazungumzii vipimo vya joto. Elimu hiyo ilitoka Ugiriki, ikapitia kwa Waarabu na kwa tabibu Ibn Sina, ikashuka na majahazi. Kiswahili kimeihifadhi hata kwa msemaji asiyejua. Mnaposema baridi yabisi mnasema maneno mawili ya daktari wa kale: baridi iliyo kavu. Belghamu ni neno la Kigiriki lililovaa kanzu ya Kiarabu. Safura, ambayo hospitalini ni ugonjwa wa minyoo na upungufu wa damu, kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano. Basi wale wanaosema nadharia ya mizani ni ya Wahindi peke yao, wanaizungumza kila siku bila kujua.

Na sisi wa mlimani? Kigikuyu hakina mizani, kina ugima. Ugima wa mwiri ni uzima wa mwili kwa maana ya kitu kizima, kisichokosa kipande. Mtu akikosana na ndugu yake, ugima umepasuka, hata kama damu yake ni safi. Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, aliandika juu ya mundu mugo, yaani mganga, na namna ya kumtapisha mtu thahu, ule uchafu usioonekana. Wachungaji mliomo humu mtanisamehe, silengi kuwarudisha huko. Ninachotaka mkione ni kwamba Ayurveda nayo ina tiba tano za kuusafisha mwili, na mojawapo ni kutapishwa kwa utaratibu, daktari akiwa pembeni. Watu waliotenganishwa na bahari walifikiri kwamba lililo ndani likioza litoke.

Lakini hayo ni ya juu. Jambo lililonishika kabisa katika Ayurveda ni dogo: inaanza kwa kuuliza unaishi wapi. Charaka aliigawa ardhi mafungu matatu, kavu, chepechepe, na ya katikati, akasema tiba ifuate ardhi na majira. Nikajiuliza, je, Ruring'u ni ardhi gani? Tuko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,700, kati ya Nyandarua na mlima wa mita 5,199, na mwezi wa Julai ukungu unalala kwenye nyasi mpaka saa nne. Hii ni ardhi ya kapha. Ardhi ya vifua na magoti na usingizi. Kumshauri mtu wa hapa anywe maji ya limau yenye barafu kila asubuhi, kwa sababu amesoma hivyo kwenye simu, ni kumwonea.

Wazee wetu walikuwa na kalenda yao, na kalenda ile ilikuwa pia karatasi ya mlo. Mvua ya masika iliitwa ya njahi na mvua ya vuli iliitwa ya mwere. Fikirini: majira ya mwaka yamepewa majina ya chakula! Leo tungeziita nini, mvua ya unga wa pakiti na mvua ya mkate? Mwere ni ile nafaka ambayo Kiswahili huiita uwele. Na Kiswahili hicho hicho kina uwele mwingine, uwele wa ugonjwa. Ule wa shambani umetutoka, tumebaki na ule wa kitandani.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa maana ndipo kabati lenyewe linapofunguliwa. Nitatoa vitu vitatu.

Cha kwanza ni ugimbi, wimbi kwa Kiswahili, ulezi kwa jirani zetu wa Tanzania. Nafaka hii ilifugwa na wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikavuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Huko huitwa ragi. Katika jimbo la Karnataka huisonga donge moja jeusi, wakalimega kwa mkono na kulichovya kwenye mchuzi. Ni ugali, ndugu zangu! Ugali wa wimbi, wenyewe hasa. Gramu 100 za wimbi zina kalisi ya takriban miligramu 340, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii hata kidogo. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, wimbi na nafaka ndogo kama hizo, na aliyeomba utangazwe ni India. Mwenye mbegu alikuwa amelala.

Cha pili ni njahi. Hii nayo asili yake ni Afrika. Wenzetu wa Bengaluru huiita avarekai, wanaipika ingali ya kijani wakati wa baridi yao, Desemba na Januari, na kuifanyia sherehe. Kwetu ilikuwa chakula cha mzazi. Mama akijifungua, kabla hajaulizwa jina la mtoto, sufuria ya njahi ilikuwa motoni. Hata ule mlima wa Ol Donyo Sabuk tuliuita Kianjahi. Kisha serikali ya kikoloni ikataka maharagwe ya kusafirisha nje, mashamba yakageuka, na njahi ikawa chakula cha sherehe na cha wazee wasio na meno ya kubishana. Binti yangu mwenyewe alipojifungua aliletewa mkate mweupe na soda.

Cha tatu ni mbariki, mbarika kwa Kiswahili, au nyonyo. Huu nao ulitoka pande hizi za Afrika, kaskazini mashariki, ukaenda India ukapewa jina la eranda, na katika Ayurveda ni dawa kubwa ya upepo, ya viungo vikavu vinavyouma, na ya kufungua choo. Nyanya yangu alikuwa na chupa. Nakumbuka namna alivyofanya: anazikaanga mbegu juu ya kigae mpaka zinabadilika rangi, anazitwanga, anazichemsha kwenye chungu, halafu anakaa na kijiko cha mti akiengua mafuta juu kidogo kidogo, jioni nzima. Hakuna aliyeruhusiwa kuonja, na alikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa mbegu mbichi ya mbarika ina sumu inayoua. Basi vijana msikimbilie kuzitwanga leo usiku. Nunueni mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Watoto wachanga walipakwa, wasichana walipakwa, na wazee walikandwa magoti karibu na moto. Katika shule niliyosomea uuguzi tulifundishwa kwamba kumpaka mtoto mafuta ya mbariki ni ushamba. Miaka arobaini baadaye nikaona picha ya hoteli ya kifahari, mgeni amelala kifudifudi, anapakwa mafuta ya uvuguvugu na watu wawili, na bei yake kwa saa moja ilikuwa karo ya muhula. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kwa hiyo nani alimfundisha nani? Sidai tuliwafundisha Wahindi utabibu. Vitabu ni vyao, na akili ya kuyapanga maneno hayo ni yao. Nasema vyombo vya jikoni vilikwenda na kurudi. Manjano, tangawizi, iliki na pilipili manga vilikuja huku na majahazi. Mwarobaini nao ulikuja kutoka Bara Hindi, ukashika pwani vizuri hata Waswahili wakasema unatibu magonjwa arobaini. Hapa Ruring'u msihangaike kuupanda, unataka joto.

Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa kuijenga. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na nyuma yao wakaja wenye maduka ambao walifika hadi Nyeri. Waliokuwepo wanakumbuka harufu ya bizari ikikaangwa pale Asian Quarters, ambapo leo ni kituo cha matatu cha Field Marshal Muthoni Kirima. Baada ya sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, iliyowabana wasio raia, wengi wao waliondoka. Walituachia nini? Chapati, sambusa, na chai ya maziwa. Tuliichukua chapati tukaimwagia mafuta maradufu. Tulichukua chai, tukatoa tangawizi na iliki, tukaongeza sukari vijiko vitatu. Siku za kufunga, mboga za kunde, kula mchana na kulala na tumbo jepesi, hayo hatukuyaulizia. Tulikwenda kwa jirani tukaazima ngoma, fimbo ya mkongojo tukaiacha mlangoni.

Matokeo mnayaona. Desemba 2018 serikali ilipozindua majaribio ya afya kwa wote, kaunti nne zilichaguliwa: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Sisi tulichaguliwa kwa sababu ya magonjwa yasiyoambukiza, yaani sukari, presha na wenzao. Kisumu walichaguliwa kwa yao, sisi kwa sahani zetu. Mimi nilipoanza kazi, mwenye kisukari alikuwa mtu wa kuitiwa wanafunzi waje kumwona. Leo kwenye harusi ukiita "mwenye sukari asogee huku kwa chai isiyo na sukari", nusu ya hema inasimama.

Sasa dawa zenyewe, kwa maana najua wengine mmekuja kwa ajili hiyo, mna kalamu mkononi. Nitawakatisha tamaa kidogo. Nitasimulia mti mmoja tu. Ayurveda ina mzizi uitwao sarpagandha, wa kumtuliza mtu. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo matokeo ya kuutumia kwa wagonjwa wa presha. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, huko Uswisi, wakatoa ndani yake kiini kinachoitwa reserpine, na ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za presha duniani. Nilipokuwa mwanafunzi nilizigawa tembe hizo kwa mkono wangu. Baadaye ilionekana kwamba ziliwatia baadhi ya wagonjwa huzuni nzito, zikaja nyingine bora. Sasa sikilizeni: sarpagandha ana binamu hapa kwetu, anasimama kando ya mito, na mnamjua kwa jina la mwerere. Wachaga wanauita msesewe na gome lake hutiwa kwenye pombe yao ya mbege. Ni jamii moja kabisa. Je, twende tukachemshe mwerere? La hasha. Kiasi gani cha gome, la mti wa umri gani, kwa mtu wa uzito gani? Vakil hakusema "mzizi huu ni mzuri". Alipima, akaandika, akahesabu na walioshindwa kupona. Hiyo ndiyo sehemu ya dawa ya kienyeji ambayo hakuna anayetaka kuirudia.

Na miti nayo inachoka. Muiri, ambao gome lake huuzwa Ulaya kama dawa ya tezi dume, ulibanduliwa kote Afrika mpaka mwaka 1995 ukawekwa chini ya mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Msandali wetu uling'olewa na mizizi yake kwa ajili ya mafuta ya manukato. Mwaka 2007 Rais Kibaki, mtu wa Othaya hapa, akapiga marufuku kuuvuna, na mwaka 2013 nao ukaingia CITES. Ukienda sokoni ukaona gome limetolewa kuzunguka shina lote, jua mti umekwisha kufa na hakuna atakayerudi kuchuma. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, hatua chache kutoka hapa, alitufundisha kupanda. Wauza dawa wengi bado wako darasa la kubandua. Na kuna mwingine niliyemkuta akiuza majani ya muringa, mti wa kuchongea mizinga, akiamini ndiyo moringa ya mitandaoni, ambayo Kiswahili ni mlonge na wala si mti wa hapa. Wanunuzi walikuwa wanamshukuru.

Mkebe wenye picha ya mungu wa Kihindi pia usiwapumbaze. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti. Takribani moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi si chakula hata ikitoka kwa mtawa. Na mnaikumbuka Loliondo, kule Tanzania. Mwaka 2011 Mchungaji Ambilikile Mwasapila wa Samunge alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, ya Kenya yakiwemo. Mti wenyewe tunao hapa, ni mukawa, watoto hula matunda yake. Sina neno baya kwa marehemu, hakumnyang'anya mtu. Lakini wapo waliokunywa wakaacha dawa zao za hospitali, na hao ndio tuliowapokea wodini.

Mnaniona nawacheka wenzangu, basi nijicheke mwenyewe. Miaka michache baada ya kustaafu nilianza kuona nimepata hekima. Nilikuwa naamka mapema, nanywa uji wa ugimbi, nimeacha sukari, natembea mpaka Kamakwa na kurudi. Nikajisikia msichana. Jamaa mmoja akaniletea unga kutoka mjini, kopo lisilo na jina la aliyeutengeneza, akaniambia huu ni wa Kihindi, unasawazisha damu. Nikaacha tembe zangu za presha. Mimi, niliyewagombeza wagonjwa miaka thelathini kwa jambo hilo hilo! Wiki ya tatu nilikuwa napalilia viazi nikaona mstari wa viazi unapinda. Nikakaa chini. Mjukuu wangu alinikuta nimeshika mti wa parachichi kama mlevi. Zahanati walinipima: 190 juu, 110 chini. Yule daktari kijana alinitazama, akaufunga mdomo kwa heshima ya mvi zangu. Ningependa angenigombeza.

Uji ulikuwa mzuri. Matembezi yalikuwa mazuri. Kosa lilikuwa kuvidai vifanye kazi ya tembe. Nimeyarudia yote, na tembe ziko kwenye kikombe karibu na mswaki, naziona kila asubuhi nitake nisitake.

Mniulize basi, nyinyi mnaoniita Cucu, yaani nyanya: wewe unafanya nini? Naamka kabla ya jua. Nakwangua ulimi kwa kijiko, jambo nililojifunza kwa Wahindi na sijalijutia. Nakunywa maji ya moto, matupu. Wakati huu wa gathano najipaka mafuta ya mbarika magotini jioni na kuvaa soksi ndefu. Natembea, lakini nafuata sheria yao moja ambayo naiona ni ya busara kuliko zote: fanya mazoezi mpaka nusu ya nguvu zako. Jasho likitokea usoni na pumzi ikianza kupita mdomoni, imetosha. Chakula kizito nakula mchana, jua likiwa juu, kwa maana wao husema moto wa tumbo hufuata jua. Vijana wangu huko nyumbani wanakula mlima wa ugali saa tatu usiku wakitazama habari, wanalala juu yake, halafu asubuhi wanasema hawana njaa. Usiku nakula mboga ya thabai au managu na kiazi kimoja, si zaidi. Mwezi wa mvua ya njahi nala njahi. Hilo ndilo daftari langu zima, na mtaona hakuna kopo ndani yake.

Kwa upande wa serikali sitasema mengi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili na tiba mbadala, na mwaka 2016 tulipata sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Ziko kwenye karatasi. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mama wa sokoni, apime anachouza, amwandikie jina la mti kwa Kigikuyu na kwa Kilatini, na amwambie hili hapana na hili ndiyo. India ina wizara nzima kwa kazi hiyo tangu mwaka 2014. Sisi tuna mkutano mara moja kwa mwaka na fulana.

Nilipokuwa nakuja nilipita kando ya uwanja wetu. Desemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakakusanyika pale Ruring'u kuweka silaha chini. Walikuwa wamekaa miaka chini ya miti hii, hospitali yao ikiwa ni gome, asali na majani. Wengi walirudi na maarifa ambayo hakuna aliyewauliza. Tuliwauliza habari za bunduki. Waliobaki ni wachache mno, na kama una mzee wa namna hiyo nyumbani, chukua daftari leo jioni, muulize walipokuwa na homa walichemsha nini, na mti huo ulisimama wapi. Andika pia kama ulishindwa.

Nimemaliza. Pale mlangoni kuna meza mbili. Ya kwanza ina wauguzi wawili na mashine ya presha. Asitoke mtu bila kupimwa, hata wewe wa Mombasa. Ya pili ina mbegu za ugimbi na njahi, kikombe kimoja kwa kila nyumba, bure. Mvua ya mwere huanza Oktoba. Tayarisheni ardhi sasa, na ugimbi mpande karibu na nyumba, ndege wanaupenda kuliko sisi.